Pengo kwenye Wimbo wa Tatu

Kabla hujarekodi chochote, zima friji. Ukishaizima, weka funguo za gari lako ndani yake, kati ya maziwa na nyanya, kisha funga mlango. Friji hunguruma kwa sauti ambayo masikio yako yameizoea lakini maikrofoni haijaizoea, na kazi ikiisha utakuwa umechoka, utasahau kuiwasha. Bila funguo huwezi kuondoka. Utazitafuta, utafungua friji, na hapo utakumbuka. Mimi nilijifunza hili baada ya kuozesha nyama ya sherehe ya kipaimara ya kigango kizima. Kwaya niliyoirekodi siku ile ilitoka vizuri sana. Hakuna aliyeinunua.

Ninyi vijana wenye studio pale nyuma ya stendi ya Karatu mmeniomba niandike niliyojifunza katika kazi ya kunasa sauti. Nimestaafu kabla ya umri wa kustaafu. Wenzangu niliomaliza nao chuo kikuu sasa ndiyo kwanza wanagombea vyeo. Mimi sikio langu la kushoto liliacha kazi bila kutoa taarifa, na fundi wa sauti mwenye sikio moja ni sawa na dereva wa watalii asiyeona upande aliolala simba. Kwa hiyo nipo nyumbani, nalima maharage vibaya, na kuandika makala ambazo mke wangu huzisoma akiwa amesimama.

Lakini kuna jambo moja hasa linalonifanya nikubali ombi lenu. Mmoja wenu, sitamtaja, alinikuta sokoni.

"Shikamoo mwalimu. Ile albamu yako ya piano tumeisikiliza. Ni kali. Ila wimbo wa tatu kuna sehemu imekatika, mtu alitakiwa aitikie hakuitikia. Tukuwekee sawa? Dakika tano tu."

"Marahaba. Mmeshaigusa?"

"Bado."

"Msiiguse."

Nilikuwa nimebeba kuku asiyependa mazungumzo, nikaondoka bila kueleza. Maelezo yenyewe ndiyo haya, ila itabidi mvumilie, kwa sababu siwezi kufika kwenye wimbo wa tatu bila kupita kwenye bati.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Lazaro, mtu aliyekuwa akitengeneza redio na pampu za maji kwa bisibisi ileile. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya sosholojia na neno "akustika", ambalo nililitumia hata kwenye salamu. Tulikwenda kurekodi kwaya katika kanisa la bati. Nikapanga maikrofoni zangu kama nilivyosoma kitabuni. Jua lilipopanda, bati likaanza kupata moto na kulia: tak, tak-tak, tak. Nikadhani ni waya mbovu. Nilifungua na kufunga kila waya kanisani, jasho linanitoka, waimbaji wamesimama. Fundi Lazaro alikuwa amekaa benchi la nyuma anakula karanga.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Kuna hitilafu, mzee."

"Hitilafu iko umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Utaifungua na hiyo nayo?"

Akanifundisha siku ile kwamba chumba kina tabia kabla watu hawajaingia, na kwamba fundi mzuri huingia peke yake kwanza, anakaa, ananyamaza, na kusikiliza nyumba inasema nini. Nikaelewa nusu. Nilielewa kwamba sauti zote zisizotakiwa lazima ziuawe, nikawa muuaji hodari. Nilinyamazisha majenereta, majogoo, watoto wachanga, na mara moja askofu aliyekuwa anakohoa. Silaha yangu kubwa ilikuwa ukimya, na niliamini hakuna mwanamuziki anayeweza kuharibikiwa na ukimya.

Sasa albamu.

Yosefina alikuwa mpiga piano wa loji moja kwenye ukingo wa kreta. Ni binti wa kijiji cha Endamarariek, alijifunzia kinanda kanisani, na kwa miaka mingi alipiga piano kila jioni wageni walipokuwa wakila. Wageni wale walikuwa wameona faru mchana. Hawakuwa na nguvu ya kushangaa tena. Walimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua akiwa ndani. Kwa sababu hakuna aliyemfuatilia, Yosefina alipata uhuru wa ajabu. Alianza kutunga nyimbo zake mwenyewe na kuzipiga mbele ya watu wote bila mtu kujua.

Aliungana na wawili. Besi, lile gitaa kubwa linalosimama kama mtu na mpigaji akalikumbatia, lilipigwa na Tluway, dereva wa watalii, Mwiraqw mwenzetu. Alilibeba ndani ya gari la safari akiwa amefungua paa, shingo ya besi imechomoza juu kama mgeni anayetafuta chui. Getini askari wa hifadhi walimwuliza kila mara, "Na huyu mrefu ana kibali?" Ngoma zilipigwa na Hamisi, Mnyaturu aliyetoka Singida kufanya kazi kwenye shamba la kahawa. Hamisi hakupiga kwa fimbo bali kwa vifagio vya waya, na ukifumba macho ungesikia mtu anageuza kahawa juani, pole pole, asubuhi nzima.

Muziki wao ulikuwa jazi, lakini siyo ile ya dansi mnayoijua kwenye harusi za wazazi wenu. Hii ni ya watu watatu, ya siku hizi. Wimbo unatajwa mara moja, kisha unaachwa, wanauzunguka kwa mbali kama watu wanaozungumzia posa bila kutaja jina la binti, halafu mwishoni wanarudi nyumbani kwake. Katikati ya hayo yote Yosefina alikuwa na tabia ya kusema kitu kifupi kwa piano na kunyamaza. Kipande, kimya. Kipande, kimya.

Kisha loji ikapata wenye mali wapya. Walitaka mahali pale pawe kaunta ya vinywaji. Piano ikauzwa Arusha. Kwetu piano nyingine haikuwepo. Makanisani kuna vinanda vya umeme, na Yosefina alisema kupiga kinanda hicho baada ya piano ni kama kula picha ya ndizi. Meneja aliyekuwa anaondoka alimwonea huruma. Loji ilikuwa imefungwa kwa ajili ya masika, akatupa siku moja, kesho yake lori lingekuja.

Nilimwuliza Yosefina anataka nini hasa kwenye albamu hii, swali ambalo nilimwuliza kila msanii ili nionekane nina upeo.

"Nataka mama asikie," alisema.

Mama yake, Bibi Anna, alikuwa hajawahi kumsikia binti yake akipiga piano. Loji iko ndani ya hifadhi, ng'ambo ya geti, na kila alipoalikwa mzee yule alisema, "Wale wamelipa kukaa pale. Mimi nikakae kama nani?" Kijijini akiulizwa Yosefina anafanya kazi gani alijibu, "Anagonga wakati watu wanakula." Na sasa masikio yake yalikuwa yanafungwa. La kulia lilishazimika. La kushoto lilikuwa linafifia mvua hadi mvua, na daktari alikuwa amesema halitangoja mtu.

"Akishindwa kusikia kabisa," Yosefina alisema, "nitakuwa nimegonga tu."

Tulipanda na ukungu. Mjue kwamba piano ya ukingoni ni mnyama wa baridi. Ukungu ukiingia mbao hunywa maji na baadhi ya vibao hukwama chini vikibonyezwa. Dawa ni jiko la mkaa kwenye kona ya chumba tangu alfajiri, siyo chini ya piano kama nilivyoona mjinga mmoja akifanya, na mjinga huyo namfahamu kwa karibu. Kulikuwa na kibao kimoja kisichopona hata kwa jiko. Yosefina alikuwa na kisu cha siagi alichokiweka juu ya piano miaka yote, na alikijua kibao kile kiasi kwamba alikiinua kwa ncha ya kisu katikati ya wimbo bila mgeni kutambua.

Ngoma nazo zinahitaji kuzungushiwa magunia ili zisimeze piano. Nilimwagiza Tluway alete magunia ya mahindi. Akaleta ya vitunguu vya Mang'ola.

"Gunia ni gunia, Profesa," alisema. Profesa ndilo jina aliloniita toka siku nilipotaja akustika.

Siyo kweli. Mahindi hulala karibu karibu na kuzuia sauti. Kitunguu ni cha mviringo, sauti hupita katikati kama maji kwenye mawe. Zaidi ya hapo Hamisi alipiga jaribio la kwanza machozi yakimtiririka.

"Mnyaturu ameguswa na muziki," Tluway alisema.

"Nimeguswa na Mang'ola," Hamisi alijibu. "Toa hivi vitu vyako kabla sijaomba nyama."

Tukatoa vitunguu, tukatundika mablanketi ya vyumbani, nikazima friji ya jikoni na kuweka funguo ndani. Nikakaa, nikavaa hedifoni, nikasikiliza nyumba. Kimya safi. Nikainua mkono, wakaanza.

Na hapo ndipo niliposikia mguno.

Yosefina alisema kipande chake, akanyamaza, na ndani ya ule ukimya mtu akaguna, chini kabisa, kifuani: mmmh. Kipande kingine, mmmh. Nikasimamisha.

"Tluway, unaguna."

"Mimi?"

"Wewe."

"Simsikii huyo mtu," alisema, kwa dhati.

Ngoja nieleze kwa wale wenu mliozaliwa mjini. Kwetu mtu akisimama kuombea nyumba, au mvua, au safari, maombi yale marefu ya Kiiraqw, hatumwachi aseme peke yake. Kila anapofika mwisho wa kauli waliokaa humwitikia kwa mguno, wote pamoja. Mguno huo ndio unaomsukuma kwenye kauli inayofuata. Ukinyamaza umemtupa njiani na mzigo kichwani. Tluway alikuwa amelelewa katika maombi hayo, kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilikwenda chuo kikuu kusomea jamii yangu, kwa hiyo sikuutambua mguno niliposikia.

Nilichotambua ni kelele. Nikaanza kazi ya kuiua. Nilimsogeza Tluway hadi mlangoni. Mguno ukapita ndani ya mbao za besi na kuingia maikrofoni kwa njia ya tumboni. Nilimpa kitambaa aume. Mguno ukatokea puani. Mwishowe nikampa pipi ya kifua, ile kubwa ya mnanaa, nikamwambia aifyonze, kwa kuwa mtu hawezi kufyonza na kuguna. Kwa hilo nilikuwa sahihi. Pipi iligonga meno mara mbili, ikatulia shavuni, na tukapata wimbo mzima bila mguno hata mmoja. Katika hedifoni ulikuwa safi kama sahani.

Karibu na mwisho Yosefina aliondoa mikono kwenye piano. Hakugeuka. Aliuliza, "Nani ameondoka?"

"Hakuna aliyeondoka, dada," nikasema. "Ni safi sana. Njoo usikie."

"Kuna mtu ameondoka," alisema. "Nimepiga humu miaka yote kama mtu anayeomba kwenye chumba kitupu. Kila nikimaliza kauli nasikia vijiko. Huyu Tluway ndiye mtu wa kwanza kunijibu, kaka. Sasa na wewe umemletea pipi."

Hamisi alikuwa anatazama vifagio vyake. Tluway alisema polepole, "Profesa, nikinyamaza vidole havijui pa kwenda." Nilivua hedifoni. Nikawaambia waanze upya, na Tluway afanye lolote analofanya.

Ningependa kusema pipi ilitupwa. Tluway alibaki nayo shavuni, akadai imeshafunguliwa, na kwao vitu havitupwi. Wakaanza. Sina maneno mengi ya kueleza, nami ni mtu wa maneno. Yosefina alisema, Tluway akaitikia, Hamisi akageuza kahawa yake. Mpishi aliyebaki kulinda jiko alikuja akasimama mlangoni na taulo begani, na sikumfukuza.

Wakafika wimbo wa tatu, ule wa polepole. Unapojengeka unafika mahali Yosefina anauliza kitu kwa mkono wa kulia, kirefu kuliko vyote vya nyuma, kisha anaacha. Hapo kila mtu chumbani alijua mguno unakuja. Yosefina akasubiri. Vifagio vikasubiri. Na Tluway, ambaye alikuwa amevuta pumzi ya kutosha kumjibu malaika, akameza pipi.

Nilimwona. Macho yalimtoka, shingo ikasimama, vidole vikabaki vimeshika nyuzi za besi kwa uaminifu wa punda. Hakukohoa, alijua maikrofoni inasikia. Ukimya ukakaa pale, mrefu, wazi, kama kiti cha mtu ambaye hajafika. Kisha Yosefina akagusa noti moja ya chini, peke yake, na wimbo ukaendelea.

Tulikubaliana tungeurudia mwishoni. Wakamaliza wa sita, na honi ikalia nje. Dereva wa lori alikuwa amekuja siku moja mapema kwa kuogopa utelezi, na alitaka kushuka kabla ukungu haujafunga barabara. Yosefina alimwomba dakika kumi. Dereva akasema, "Dada, dakika kumi huku juu ni kuishia korongoni." Wabebaji wakaingia. Yosefina akafunga mfuniko kwa viganja vyote viwili, akachukua kile kisu cha siagi, akakifuta, akakitia kwenye mkoba. Wabebaji walipoinua piano, kile kibao kibovu kililia chenyewe ndani.

Niliteremka Karatu na faili zangu, baada ya kufungua friji, na nikajua la kufanya. Ninyi mngefanya vilevile. Ningenakili mguno mmoja kutoka wimbo wa kwanza, niushushe kidogo ulingane, niubandike kwenye pengo. Nilishauchagua. Nilishaukata. Ulikuwa mguno mzuri sana, wenye afya. Yosefina akapiga simu.

"Mama tunaenda kumwona Jumapili. Uje na wimbo."

"Bado haujakamilika, dada. Nipe wiki."

"Na yeye hajakamilika," alisema. "Njoo nao hivyohivyo."

Nilikwenda Endamarariek na spika zangu mbili nzuri, nikazivusha matope nimezibeba kama watoto mapacha. Umeme haukuwepo. Mnakumbuka nilivyowaambia habari za magunia, mablanketi, jiko na ukungu. Baada ya hayo yote Yosefina alichukua sufuria ya ugali, akaifuta, akaweka simu yangu ndani ili sauti ikue, akaiweka sufuria kwenye kigoda mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama," nikamsalimu kwa nguvu.

"Marahaba. Wewe ndiye unayekamata sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Usinikamate mimi. Mimi yangu imebaki kidogo."

Nilikaa kulia kwake. Yeye alisikia kwa sikio la kushoto, mimi, ambaye la kushoto lilikuwa limeshaanza kunigomea, kwa la kulia. Sisi wawili tulikuwa tumekamilisha kichwa kimoja. Yosefina alikaa chini mlangoni na ungo wa maharage, akichambua, hatutazami.

Wimbo wa kwanza ulipita. Bibi Anna aliinamisha kichwa juu ya sufuria kama anayetazama iwapo maji yamechemka. "Kinanda cha kanisa?" aliuliza. Nikasema hapana. Wimbo wa pili ulipoanza na mguno wa Tluway ukatoka kwenye sufuria kwa nguvu kuliko wa mwanzo, alitulia. Akaniuliza kwa Kiiraqw, "Huyu anayeitikia ni nani?" Nikamwambia ni mtu wa huku huku, ndugu. Akatikisa kichwa. "Kumbe anaomba," alisema. "Niliambiwa anagonga."

Mkono wa Yosefina ulisimama kwenye ungo.

Ukaja wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikusudia kulisemea lile pengo kabla halijafika, nieleze kwamba hapa pana kasoro ndogo, wiki ijayo itakuwa imeondoka. Nilikuwa hata nimefungua mdomo. Yosefina wa ndani ya sufuria akauliza lile swali lake refu, akaacha.

Na Bibi Anna akaitikia. Mmmh. Kutoka chini, bila haraka, sauti ya mtu aliyeitikia maombi maisha yake yote na hajui namna nyingine ya kusikiliza. Ilikaa katikati ya ukimya kamili. Ndipo ile noti moja ya chini ikaguswa, na wimbo ukaendelea, safari hii ukiwa umesukumwa.

Mzee aligeuza uso kunitazama. Alikuwa amekasirika kidogo.

"Mbona hapa walimwacha peke yake?"

Nilifikiria kumweleza habari za pipi. Yosefina alikuwa amejifuta uso kwa mkono wenye vumbi la maharage. Nikasema, "Walikuwa wanakusubiri, mama."

"Hm," alisema. "Basi nimefika."

Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta na kufuta ule mguno mzuri niliokuwa nimeukata. Albamu ikatoka kama ilivyo, na Yosefina akaipa jina: *Kazi ya Kugonga*.

Siku hizi Bibi Anna hasikii tena. Yosefina anafundisha watoto kinanda cha umeme kanisani, ile picha yake ya ndizi, na Jumapili jioni huenda kwa mama yake, huweka simu kwenye sufuria ileile, na kumwekea mzee kiganja ubavuni mwa sufuria. Nimekwenda mara kadhaa. Bibi Anna hufuata mtetemo kwa mkono, kimya, na wimbo wa tatu ukifika pale, sufuria ikitulia chini ya kiganja chake, huguna. Wakati mwingine huwahi kidogo. Wakati mwingine huchelewa, na Yosefina hutazama simu kana kwamba anaiomba ingoje.

Kwa hiyo, vijana wangu, chukueni magunia ya mahindi, ogopeni bati la mchana, na funguo ziwe ndani ya friji. Kuhusu zile dakika tano zenu, nawashukuru sana. Mahali pale pana mwenyewe.